Jinsi ya Kujiandaa kwa Mwendelezo Uliosubiriwa Miaka 35: Kutoka Blade Runner hadi Blade Runner 2049

Filamu ya Blade Runner, iliyoongozwa na Ridley Scott, ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Juni 1982, na mwendelezo wake, Blade Runner 2049, ulioongozwa na Denis Villeneuve, uliingia katika majumba ya sinema ya nchi hiyo tarehe 6 Oktoba 2017. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 35, muda unaotosha mtu kuzaliwa, kusoma, kuoa na kumpeleka mtoto wake shule. Wapenzi wa filamu ya kwanza walizeeka nayo, ilhali watazamaji wengi wa leo hawakuwa wamezaliwa ilipotoka, nao wanazikuta filamu zote mbili zimepangwa pamoja kana kwamba zilitengenezwa mwaka mmoja. Mwongozo huu nimemwandikia hasa yule ambaye bado ana mwendelezo huo mbele yake na anautamani, au aliyewahi kuuanza akauacha njiani kwa kuuona mrefu na mzito. Anayesubiri mwendelezo wa filamu nyingine ya zamani naye atapata humu njia ya kuifuata.

Shauri langu kubwa ni moja, na mengine yote yanatoka humo: muda wa kusubiri utumie kurudi kwenye filamu ya zamani, usiutumie kukusanya habari za filamu mpya. Mtu anayeingia kutazama mwendelezo akiwa amejaa habari huwa anakagua tu kama aliyoahidiwa yametimizwa, lakini anayeingia akiwa na maswali ambayo filamu ya kwanza ilimwachia huwa na jambo la kutafuta katika kila onyesho. Blade Runner ni filamu iliyoacha maswali mengi wazi kwa makusudi, na ndiyo sababu iliweza kungojewa muda wote huo bila kuchosha.

Kuchagua toleo la filamu ya kwanza

Hatua hii nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayoharibu au kutengeneza kila kinachofuata. Blade Runner haipo katika umbo moja. Kwa kawaida huhesabiwa matoleo saba, lakini mtazamaji wa kawaida anaweza kukutana na manne: lile la mwaka 1982 lililoonyeshwa Marekani, lile la mwaka huohuo lililopelekwa nchi nyingine likiwa na ukatili zaidi kidogo, lile la mwaka 1992 linaloitwa Director's Cut, na lile la mwaka 2007 linaloitwa The Final Cut. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, soma jina na mwaka wa toleo kwenye jalada au katika maelezo ya huduma unayoitumia, kwa maana tofauti kati ya matoleo haya inageuza maana ya hadithi nzima.

Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio katika miji ya Denver na Dallas mwanzoni mwa mwaka 1982, watazamaji walitoka wakiwa wamechanganyikiwa, na wenye fedha wakaingiwa na hofu. Ndipo ikaongezwa sauti ya Harrison Ford, anayeigiza kama mpelelezi Rick Deckard, akisimulia kinachoendelea, na mwisho ukabadilishwa ili Deckard na Rachael, mwanamke anayempenda, waonekane wakisafiri kwa furaha katika nchi ya milima na misitu. Picha za angani za milima hiyo zilikuwa mabaki ya zile zilizopigwa kwa ajili ya filamu ya The Shining ya Stanley Kubrick. Toleo la mwaka 1992 liliondoa sauti hiyo pamoja na mwisho huo wa furaha, likaongeza ndoto fupi ya farasi mwenye pembe moja ambayo inamfanya mtazamaji amtilie shaka Deckard mwenyewe. Hata hivyo, ni toleo la mwaka 2007 pekee ambalo Scott alilikamilisha akiwa na mamlaka kamili juu ya kila kitu. Humo alisahihisha hata kasoro ndogo, kama ile ya Zhora, mmoja wa wanaosakwa na Deckard, anapokimbia akipenya vioo, ambapo katika matoleo ya awali sura ya mwanamke aliyemwakilisha mwigizaji kwenye hatari ilikuwa inaonekana waziwazi, na sasa mahali pake pamewekwa sura ya Joanna Cassidy mwenyewe.

Anza na toleo la mwaka 2007, na usitafute jingine kabla ya kutazama mwendelezo. Najua wapo watazamaji wa kwetu waliozoea filamu zenye msimulizi, kama zile zinazotangazwa kwa Kiswahili na DJ Afro nchini Kenya, na huenda wakaona kwamba sauti ya Deckard ni msaada. Lakini msimulizi wa namna hiyo huleta burudani yake kutoka nje ya filamu, ilhali sauti ya Deckard inakuambia kwa maneno kile ambacho uso wake na mvua inayomnyeshea vimekwisha kukuambia, na kwa kufanya hivyo inakunyang'anya nafasi ya kujiuliza. Mwendelezo umejengwa juu ya ukimya, na mtazamaji aliyezoeshwa kuelezwa kila jambo ataona dakika zake nyingi kuwa tupu.

Mambo ya kuyashika unapoitazama

Hadithi yenyewe ni rahisi kuifuata. Tuko Los Angeles, Novemba 2019. Kampuni ya Tyrell inatengeneza binadamu bandia wanaoitwa replikanti, wenye nguvu na akili, ambao hutumikishwa katika makoloni nje ya dunia na hawaruhusiwi kuishi duniani. Aina mpya zaidi, Nexus-6, imewekewa uhai wa miaka minne tu. Replikanti wachache wametoroka na kurudi duniani wakiongozwa na Roy Batty, anayeigizwa na Rutger Hauer, na Deckard anaamriwa kuwasaka na kuwaua. Usihangaike sana na msako huo, kwani si hapo utajiri wa filamu ulipo.

Angalia macho kwanza. Filamu inakaribia kuanza kwa jicho moja linaloakisi miali ya moto ya jiji. Baadaye utaona kipimo cha Voight-Kampff kinachomtambua replikanti kwa kuchunguza mboni ya jicho lake anapoulizwa maswali ya kuamsha huruma, utamwona fundi anayetengeneza macho katika chumba cha baridi kali, na utaona mng'ao katika macho ya bundi ambaye naye si wa kweli. Ukiyashika haya, picha ya kwanza kabisa ya mwendelezo itakusalimu kama mtu unayemjua.

Halafu angalia picha za kupigwa na kumbukumbu. Rachael ana picha yake ya utotoni akiwa na mama yake na anaamini ni ushahidi wa maisha aliyoishi. Leon, ambaye ni replikanti na anajua hivyo, naye anatunza picha zake kwa uchungu, na piano ya Deckard imejaa picha za watu ambao filamu haiwataji. Jiulize, na uandike jibu lako mahali: kama kumbukumbu zako zimepandikizwa na mtu mwingine, lakini machozi unayolia kwa ajili ya kumbukumbu hizo ni yako, je, una haki ya kuziita zako? Nakushauri uandike kwa sababu swali hili ndilo linalobeba mwendelezo mabegani, na utataka kulinganisha ulivyofikiri kabla na utakavyofikiri baada ya kutazama.

Swali la tatu linamhusu Deckard mwenyewe, kama ni binadamu au ni replikanti anayewasaka wenzake. Scott amekuwa akisema kwamba ni replikanti, naye Ford walipokuwa wakitengeneza filamu alitaka mhusika wake awe binadamu ili watazamaji wawe na mtu wa kushikamana naye. Mfuatilie Gaff, askari mwenzake Deckard anayeigizwa na Edward James Olmos, na vinyago vidogo anavyovikunja, hasa kile cha mwisho, kisha chagua upande wako kwa muda. Usiingie kwenye mwendelezo ukitaka utoe hukumu ya mwisho juu ya jambo hili. Wengi waliofanya hivyo walitoka wamekasirika bila sababu. Kwa njia, lugha mseto anayoizungumza Gaff ina maneno ya Kihungari ndani yake, na miaka mingi baadaye sehemu kubwa ya mwendelezo ilipigwa picha Budapest, mji mkuu wa Hungaria.

Jambo jingine dogo ni tarehe. Novemba 2019 imekwisha kupita, nasi hatuna magari yanayoruka wala makoloni angani, na mtu anaweza kujaribiwa kutazama filamu akihesabu ilipopatia na ilipokosea. Acha hesabu hiyo. Villeneuve na wenzake waliamua kuendeleza mwaka 2019 wa filamu, si ule tulioishi sisi, na kwa hiyo katika mwendelezo bado kuna matangazo ya kampuni ya ndege ya Pan Am, ambayo katika ulimwengu wetu ilifungwa mwaka 1991, na bado kuna dalili za Umoja wa Kisovyeti. Ukikubali kwamba ile ni dunia nyingine yenye historia yake, vitu hivyo havitakushangaza kama makosa, bali utaviona kama uaminifu kwa filamu ya kwanza.

Filamu fupi tatu za katikati

Kabla ya mwendelezo kutoka, zilitolewa filamu fupi tatu kwenye intaneti katika mwaka huohuo wa 2017 ili kuziba pengo la miaka 30 iliyopita ndani ya hadithi. Ile ya katuni, Black Out 2022, iliongozwa na Shinichirō Watanabe wa Japani na ina urefu wa takriban robo saa; nyingine mbili, 2036: Nexus Dawn na 2048: Nowhere to Run, ziliongozwa na Luke Scott, mtoto wa Ridley, na ni za dakika chache tu. Si lazima uzitazame, kwa sababu mwendelezo wenyewe unaanza kwa maandishi yanayoeleza kwamba kampuni ya Tyrell ilifilisika baada ya maasi ya replikanti, kwamba mazingira yaliporomoka, na kwamba tajiri aitwaye Niander Wallace alijipatia nguvu kwa kulisha watu chakula cha kutengenezwa, kisha akanunua mabaki ya Tyrell.

Hata hivyo, Black Out 2022 itazame kabla. Inaonyesha jinsi umeme ulivyozimwa na kumbukumbu za kompyuta zikafutika, tukio ambalo katika mwendelezo linatajwa kwa haraka ingawa upelelezi wote unakwama au kufunguka kwa sababu yake. Ile ya 2048 nayo inafaa, kwa kuwa inamtambulisha Sapper Morton, jitu linaloigizwa na Dave Bautista, lenye miwani midogo na upole mwingi, na inakuacha mlangoni pa onyesho la kwanza. Ile ya 2036 ningeiweka baada ya mwendelezo, maana inamtoa Wallace hadharani mapema mno.

Habari, trela na uvumi

Kwa filamu ambayo bado haijatoka, kusubiri kuna nidhamu yake. Alcon Entertainment ilipata haki za kutengeneza mwendelezo wa Blade Runner mwaka 2011, na katika mwaka huo ilitangazwa kwamba Scott mwenyewe angeuongoza. Mwishowe alibaki kuwa mtayarishaji mtendaji na kiti cha mwongozaji akakaa Villeneuve. Tarehe ya kutoka nayo iliwahi kupangwa Januari 2018, kisha ikarudishwa nyuma hadi Oktoba 2017. Tangazo la mapema, basi, lichukue kama nia tu, wala usipange moyo wako kwa tarehe za mwanzo.

Ukitaka kujua kama kuna sababu ya kuwa na matumaini, tazama majina matatu au manne na uache mengine. Nani ameandika mswada? Kwa Blade Runner 2049 alikuwa Hampton Fancher, yuleyule aliyeandika mswada wa kwanza, ambao David Peoples aliuendeleza, na safari hii akifuatwa na Michael Green. Nani amerudi kutoka katika filamu ya zamani, na je, amerudi kwa kazi yenye uzito au kwa ajili ya kupamba tangazo? Nani anapiga picha? Hapa alikuwa Roger Deakins, ambaye alikuwa ameteuliwa kwa tuzo ya Oscar mara 13 bila kushinda na hatimaye akaipata kwa filamu hii. Majina hayo yalisema mengi zaidi kuliko uvumi wote uliozunguka wakati ule.

Trela usizitazame. Ile ya Blade Runner 2049 ilimwonyesha Harrison Ford kwa namna ambayo mtu angedhani filamu nzima ni yake na Ryan Gosling wakiwa pamoja, ilhali katika filamu yenyewe Ford anachelewa sana kutokea, na kuchelewa huko ni sehemu ya maana yake. Aliyeona trela hutumia saa nzima na zaidi akimngojea mzee wake, wakati alipaswa kumfuata askari K, anayeigizwa na Gosling, ambaye ndiye mwenye hadithi. Iwapo umekwisha kuziona, basi lijue hilo moja na ujipe subira.

Usipime mwendelezo kwa mapato pia. Filamu ya mwaka 1982 ilitoka wiki mbili baada ya E.T. ya Steven Spielberg, na mapato yake ya awali nchini Marekani hayakutosha kurudisha gharama, lakini mwaka 1993 iliingizwa katika hifadhi ya taifa ya filamu katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwendelezo nao uligharimu angalau dola milioni 150, ukapata zaidi ya dola milioni 250 duniani kote, kiasi ambacho kwa filamu ya gharama hiyo kilihesabiwa kuwa hakitoshi, na vichwa vya habari vya siku zile viliwafanya watu wengi wasiende kuutazama. Nasikitika kila nikikumbuka kwamba filamu yenye picha kubwa kiasi kile iliwafikia wengi kwa mara ya kwanza kupitia kioo kidogo.

Siku ya kutazama

Filamu ya kwanza ina dakika 117 na ya pili ina dakika 163, jumla yake saa nne na dakika 40. Usizitazame kwa mfululizo siku moja. Zipishe siku mbili au tatu, ili filamu ya kwanza ipate kukaa ndani yako na usije ukaichoka ya pili kwa kosa ambalo si lake.

Tafuta kioo kikubwa unachoweza kukipata. Kama huna runinga kubwa, omba kwa ndugu au rafiki, na kama jumba la sinema au kituo cha utamaduni cha mjini kwako kikiirudisha filamu hii, nenda bila kujadili. Zima taa zote za chumba, kwa kuwa Deakins amechora sehemu kubwa ya filamu kwa giza na mwanga hafifu: kuta za ofisi ya Wallace zinazochezewa na mwanga wa maji, ukungu wa jiji, na yale magofu ya Las Vegas yaliyozama katika rangi ya chungwa, yaliyobuniwa kwa kufuata picha za dhoruba ya vumbi iliyoufunika mji wa Sydney mwaka 2009. Taa ikiwaka chumbani, nusu ya kazi hiyo hutaiona.

Sauti nayo ina uzito uleule. Muziki wa filamu ya kwanza ulitungwa na Vangelis, aliyetumia sana kinanda cha umeme cha Yamaha CS-80, na Hans Zimmer na Benjamin Wallfisch waliufuata mlio huo katika mwendelezo wakiongeza midundo mizito ya chini ambayo spika ya simu haina uwezo wa kuitoa. Tumia spika nzuri au vipokea sauti vinavyofunika masikio. Ikiwa unategemea intaneti ya vifurushi, pakua filamu mapema kutoka huduma halali, kwani picha inayoganda katikati ya ukimya wa onyesho inavunja jambo ambalo halirudi. Maandishi ya chini yawashe hata kama Kiingereza unakijua, maana wahusika wengi hunong'ona.

Watoto wawe wamelala. Filamu zote mbili zina mauaji ya kikatili na utupu, na Marekani zilipewa daraja la R, linalozuia watoto kuingia bila mtu mzima. Mwenzi wa kutazama naye mchague kwa uangalifu: aliyekwisha kuiona atashindwa kuzuia ulimi, na ambaye hajaiona ya kwanza atakuuliza kila dakika huyu ni nani. Anayefaa ni yule mliyeanza naye filamu ya kwanza siku chache zilizopita, mkiwa na maswali yaleyale.

Wakati wa kutazama, vumilia mwendo wa polepole. Onyesho linapoonekana kuwa limekwisha na kamera bado imesimama, angalia alichokishika mhusika, angalia anaangalia wapi. Mtazame Daktari Badger, mfanyabiashara ambaye K anampelekea kitu cha mbao akichunguze. Anaigizwa na Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyeteuliwa kwa tuzo ya Oscar kwa filamu ya Captain Phillips, na katika dakika zake chache anaonyesha thamani ya mti halisi katika dunia iliyopoteza miti. Wanyama na mimea katika filamu hizi mbili si mapambo. Kila kilicho hai kwa kweli kina bei, na kuna watu wanaoweza kuua kwa ajili yake.

Baada ya majina ya mwisho kupita, kaa dakika kumi na yale uliyoyaandika juu ya kumbukumbu za Rachael kabla hujasoma mhakiki yeyote, uandike chini yake unavyofikiri sasa. Kesho yake tazama 2036: Nexus Dawn. Riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968, Do Androids Dream of Electric Sheep?, ambayo filamu ya kwanza ilitokana nayo, ningeiacha iwe ya mwisho. Deckard wa kitabuni anaishi San Francisco, ana mke, na juu ya paa la nyumba yake anafuga kondoo wa umeme kwa sababu hana fedha za kumnunua wa kweli. Mambo hayo yakiingia kichwani mapema yatagongana na filamu. Dick alifariki Machi 1982, miezi michache kabla ya Blade Runner kuonyeshwa kwa umma, akiwa amebahatika kuona sehemu ndogo tu ya picha zake, nazo zilimfurahisha sana.